Steringi Hafi: Safari ya Shujaa na Mwenzake Aliyebaki Njiani

Kuna neno ambalo sijalikuta katika kamusi yoyote kati ya zile chache nilizo nazo, ingawa hapa Msimbati mtoto wa miaka mitano analijua. Neno lenyewe ni steringi. Limetokana na lile neno la Kiingereza linalotangulia majina ya waigizaji mwanzoni mwa filamu. Watazamaji wa mabanda ya video waliliona likipita, wakalitamka kwa ulimi wao, kisha wakampachika mtu. Steringi ni mwenye kisa. Wengine wote waliomo, awe mpenzi wake, adui yake au rafiki yake, wamo kwa ajili yake. Na neno hili lina sentensi yake ambayo watoto huitamka kwa yakini ile ile ambayo wazee hutamkia methali: steringi hafi.

Jioni moja ya msimu wa kusi umeme ulikatika (hukatika hata hapa penye gesi), banda la video likafungwa, na watoto waliokwisha kulipa kiingilio wakabaki njiani hawana pa kwenda. Niliwaita barazani kwangu nikawahadithia kisa cha Fumo Liyongo. Walikipenda. Waliupenda urefu wake, waliupenda mkoba wake uliobeba kinu na mchi na jiwe la kusagia, waliipenda tupa iliyofichwa ndani ya mkate akaikatia minyororo huku ngoma ikilia nje ya gereza. Nilipofika pale ambapo mwana anamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba hali amelala, mvulana mmoja alinikatiza. "Babu," alisema, "basi huyo hakuwa steringi." Mwenzake akamjibu kwamba steringi ni yule mtoto mwenye sindano, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki. Wakabishana. Nilipowaambia kwamba mtoto naye hakupewa binti wa Sultani aliyeahidiwa, na kwamba aliugua akafa, walinitazama kama mtu aliyewaibia. Umeme uliporudi waliondoka bila kuaga.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya watoto wale. Sikuja kuwalaumu. Walikuwa wahakiki wenye kanuni, na kanuni yao waliisimamia. Swali langu ni kanuni ile imetoka wapi, na nini huanguka chini wakati kisa kinapokatwa ili kiienee.

Wanaoshughulika na nadharia za fasihi watanijibu upesi kwa jina la Joseph Campbell, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1949 kitabu chake kuhusu shujaa mwenye sura elfu. Campbell alidai kwamba chini ya visa vya mashujaa wa mataifa yote kuna kisa kimoja. Mtu anaitwa atoke kwao. Anasitasita, kisha anavuka kizingiti na kuingia nchi asiyoijua. Anakutana na wasaidizi na maadui. Anapata mtihani mkubwa kupita yote, anaushinda, anatwaa hazina. Anarudi nayo kwao. Safari hiyo aliigawa mara tatu. Sehemu ya kwanza ni kuondoka, ya tatu ni kurudi. Ya kati aliiita kwa neno ambalo mimi, nilipojaribu kulifasiri kwa mara ya kwanza, nilihangaika nalo siku mbili, nikiandika "majaribu", nikifuta, nikiandika "kuingizwa", nikifuta tena. Siku ya tatu nilipita karibu na nyumba iliyokuwa na mwali ndani, nikacheka peke yangu. Neno ni kufundwa. Kabla ya Campbell, mwaka 1909, Arnold van Gennep alikuwa amezieleza mila za kumvusha mtu kutoka hali moja hadi nyingine kwa mafungu matatu kama hayo, naye Campbell hakuficha kwamba alijengea juu ya kiwanja hicho. Kwa hiyo kanuni ya steringi, ukiifuatia nyuma hadi chimbuko lake, haikufikishi California. Inakufikisha kwenye jando na unyago, za watu mfano wa Wamakonde wa huku kwetu.

Safari yake kutoka huko hadi banda la video ni fupi kueleza. George Lucas alimsoma Campbell, na filamu yake ya vita vya nyota ilitoka mwaka 1977. Mwaka 1985 Christopher Vogler, aliyekuwa akifanya kazi Disney, aliandika waraka mfupi uliofupisha kitabu kizima kuwa mwongozo wa hatua kwa hatua kwa waandishi wa filamu. Mwaka 1992 waraka ule ukawa kitabu. Vogler huyo huyo alikuwa miongoni mwa washauri wa The Lion King ya mwaka 1994, ile yenye Simba, Pumbaa na Rafiki. Lugha yetu ilitoa majina. Msuko ulitoka kwingine.

Haingekuwa haki kusema kwamba kanuni ilitufikia kavu kavu. Ilitufikia kwa sauti ya Kiswahili. Katika miaka ya 2000 alivuma Dar es Salaam Derek Mukandala, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lufufu, aliyekuwa akizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili; kanda zake, na za wengine waliomfuata, zilienea hadi vijijini. Uganda walikuwa na wasimulizi wa namna hiyo kabla yetu, na Kenya wana DJ Afro. Wasomi wengi wa tafsiri huwadharau watu hawa. Mimi ninayeishi kwa kufasiri nawaonea wivu. Msimulizi wa video hafasiri maneno ya filamu. Mara nyingi maneno yenyewe hana haja nayo. Huifanya filamu iwe hadithi tena, yenye fanani na hadhira. Humtania steringi anapojitutumua, humwonya asifungue mlango, humpa adui jina la mtaa tunaoujua, na anapochoka na mabusu hutumia nafasi hiyo kuzungumzia bei ya mchele. Katika banda la hapa kwetu nimewasikia watazamaji wakimjibu kama tulivyokuwa tukimjibu bibi aliyesema paukwa. Pale ambapo mtengeneza filamu alitaka tumwabudu mtu mmoja, msimulizi hutukumbusha kwamba tumeketi wengi kwenye mabenchi.

Lakini hata yeye hawezi kubadili mwisho. Picha zimekwisha kupigwa.

Sasa nilirudie jando, maana hapa ndipo Campbell na sisi tunapoachana mapema. Baada ya mavuno wavulana hutolewa majumbani wakapelekwa kumbini, porini, chini ya nyakanga. Huko hutahiriwa, hufundishwa nyimbo na mafumbo, huvumilia baridi na njaa na dhihaka. Wanapotoka kumbi huchomwa moto nao hukatazwa kugeuka nyuma. Hupewa nguo mpya na majina mapya, na mama zao huwapokea kwa ngoma, kwa sababu waliwapeleka watoto na wamerudishiwa watu wengine. Hatua zote tatu zimo, tena kwa ukamilifu kuliko katika filamu yoyote. Ila tazama nafsi ya kitenzi. Nimesema hutolewa, hufundishwa, huvumilia, na kila mara ni wengi. Hakuna steringi wa kumbi. Waliotahiriwa pamoja hubaki na udugu ambao pengine hupita wa tumbo moja, na mtu wa hapa akikwambia "fulani ni mwenzangu wa kumbi" amekueleza deni ambalo haliishi. Campbell aliutazama umati wa wavulana akauandikia kisa cha mvulana mmoja. Huenda ndivyo kitabu kinavyotaka, kwani msomaji husoma peke yake.

Jambo la pili ni la ukoo. Campbell, akiwafuata wanafunzi wa Freud, aliweka karibu na kiini cha safari upatanisho wa mwana na baba. Lucas aliifuata njia hiyo kwa bidii, na watoto wote wa banda la video wanajua kwamba mwishoni adui mwenye kofia nyeusi ni baba mtu. Kwa Wamakonde, ambao ukoo wao ulihesabiwa kwa upande wa mama, mtu wa kupatana naye au kumwogopa alikuwa mjomba. Nataja hili kwa kupita tu. Kama safari ya shujaa ni moja duniani kote, basi ilipaswa kuuliza kwanza mtoto ni wa nani.

Kati ya ngano zetu ninazozijua, iliyo karibu zaidi na kanuni ni ile ya Sultani Majinuni, ambayo Askofu Edward Steere aliipata Unguja na kuichapa London mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili. Nunda mla watu anaangamiza nchi, mtoto mdogo wa Sultani, ambaye hakuna aliyemtumainia, anatoka kumtafuta, anamuua, anarudi, nchi inapona. Mwalimu yeyote wa uandishi wa filamu angeifurahia. Ila angeanza kwa kukata sehemu mbili, na mimi ningemwomba asiziguse.

Ya kwanza ni mwanzo. Nunda hakutoka nchi ya mbali. Alikuwa paka wa Sultani mwenyewe. Alipoanza kula vya watu, watu walikuja kushitaki, na Sultani akawajibu kwamba paka ni wake na vilivyoliwa ni vyake. Paka alikua kwa jibu hilo. Alikula mifugo, akala watu, na Sultani aliyaona maneno yao kuwa kweli siku alipoliwa wanawe. Shujaa anakwenda kuua kosa la baba yake. Campbell anao mtawala mwenye choyo katika orodha yake, nakubali, lakini filamu zilizomfuata humweka mtawala huyo ng'ambo, katika jumba jeusi, naye huzungumza kwa lafudhi ngeni. Fanani wa Unguja alimweka kitini nyumbani.

Ya pili ni katikati, na ndiyo niipendayo kuliko zote. Kijana hamjui nunda. Anatoka anaua mnyama wa kwanza, anamburura hadi nyumbani akishangilia pamoja na watumwa wake, na mama yake anamwambia siye. Anatoka tena, anarudi na mwingine, mkubwa zaidi. Siye. Pundamilia, twiga, kifaru, tembo, na kila mara ni shangwe ile ile, na kila mara ni mama yule yule anayemsihi sasa aache. Shujaa huyu anarudi nyumbani mara nyingi kuliko anavyoshinda. Msikilizaji anacheka, na huku anacheka anaanza kuhofu, kwa kuwa anatambua kwamba ujasiri wa kijana umetangulia ujuzi wake. Mtaalamu wa msuko angesema kurudi ni kumoja, na kuko mwishoni. Ngano inasema mtu huenda na kurudi, na mlangoni yupo anayejua tofauti ya nunda na tembo.

Mama mlangoni. Nilipolitambua hilo nilirudi kwa Liyongo, katika utenzi ambao hati yake Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliiandika mwaka 1913, nikagundua kwamba nimekuwa nikiusoma kama wale watoto wa barazani, nikimtazama jitu na kuwasahau walio pembeni. Tupa ilitoka kwa mama. Yeye ndiye aliyeoka mkate, yeye ndiye aliyefahamu fumbo la mwanawe. Na mwisho pia ni wake. Liyongo, amekwisha kuchomwa, anakwenda kisimani, anapiga goti, anapachika mshale kwenye upinde, na anafia katika hali hiyo. Watu wa mji wanamwona wanadhani yu hai. Hakuna anayethubutu kuchota maji. Siku zinapita, mji una kiu, na anayeitwa kwenda kumsihi ni mama yake, akidhani naye kwamba anazungumza na mtu mwenye hasira.

Tafadhali, msomaji, ligande akilini tukio hili japo kwa muda. Shujaa amekufa, na ushujaa wake umekuwa kizuizi cha maji. Utenzi hautuambii ni jema au baya. Unaacha kisima, kiu, maiti iliyolenga shabaha, na mwanamke mzee anayebembeleza. Katika kanuni ya Campbell shujaa huleta maji ya uzima, hapa anayakalia. Hakuna hatua katika mwongozo wa Vogler inayoweza kupokea jambo hili, na ndiyo maana, nadhani, jaribio lolote la kumgeuza Liyongo kuwa steringi litakuja kukwama kisimani.

Sisemi kwamba mabanda ya sinema hayakuwahi kuonyesha shujaa akifa. Wazee wa Unguja waliokwenda Cine Afrique au Majestic watanikumbusha Bruce Lee katika Fist of Fury ya mwaka 1972, anavyoruka kuelekea bunduki. Watanikumbusha pia Sholay ya mwaka 1975, ambamo Jai anakufa mikononi mwa Veeru. Nimewahi kusikia watu wazima wakibishana usiku mzima kuhusu Sholay. Wapo wanaosema Jai ni steringi na kwa hiyo kanuni ilivunjwa. Wapo wanaosema la hasha, steringi ni Veeru, kwa kuwa steringi hafi, na Jai ni rafiki wa steringi, na kazi ya rafiki wa steringi ni kufa. Hoja hii ya pili ilinichekesha wakati ule. Siku hizi hainichekeshi.

Kuhusu riwaya pendwa nitasema machache. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, ni steringi kamili aliyezaliwa kwenye karatasi. Anatumwa, anakwenda hadi Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi cha mwaka 1979, anawamaliza mawakala wa makaburu, anarudi. Tulimsoma kwa pupa, nami simkani. Watu wa Mtwara walikuwa na sababu yao ya kumpenda, kwa kuwa vita vya ukombozi walivijua kwa mlio. Wapiganaji wa Frelimo walivukia Ruvuma tangu mwaka 1964. Lakini nikiviweka vitabu vile kando ya Kusadikika ya Shaaban Robert naona wazi ni kipi kilichokwisha kuiona hatari ya kanuni kabla kanuni haijatufikia.

Kusadikika ilichapwa mwaka 1951, miaka miwili tu baada ya kitabu cha Campbell, na sina sababu yoyote ya kudhani kwamba mmoja aliwahi kusikia habari za mwenzake. Karama, anayeshitakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kuwafundisha watu uanasheria, anajitetea barazani kwa kuwasimulia wajumbe sita waliotumwa kutoka Kusadikika kwenda pande zote, hata mbinguni na ardhini. Kila mmoja alikwenda. Kila mmoja alipata taabu njiani, akaona nchi iliyo bora, akajifunza, akarudi na hazina ya maarifa. Kila mmoja alitiwa gerezani. Mara sita safari ya shujaa inakamilika, na mara sita haikamiliki, kwa sababu hazina inahitaji wa kuipokea. Campbell aligusia ugumu wa kurudi, tena kwa maneno mazuri, lakini ugumu wake ni wa shujaa asiyeweza kueleza alichokiona. Wajumbe wa Shaaban Robert walieleza vizuri mno. Tatizo lilikuwa kwa waliosikiliza. Wahakiki wetu wamezoea kukisoma kitabu hiki kama fumbo juu ya ukoloni, na ni kweli. Mimi hukisoma pia kama uhakiki wa kila hadithi inayoishia kwa mtu kushuka chomboni na furushi lake.

Na hapa sina budi kuyaacha makabati ya vitabu, maana jambo lililonisukuma kuandika nililisikia kwa masikio yangu.

Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982. Kwa miaka mingi ilikaa pale ilipo. Kisha ikaanza kuzalisha umeme wa Mtwara, na mwaka 2015 bomba la kuipeleka Dar es Salaam likafunguliwa, baada ya ghasia za mwaka 2013 ambazo watu wa mkoa huu hawajazisahau. Nasema haya kwa sababu moja tu ya kifasihi. Katika kanuni, hazina iko mbali na kijana anaifuata. Kwetu hazina ilikuwa chini ya miguu yetu, nayo ndiyo iliyosafiri. Vijana walibaki na kanuni bila hazina, na baadhi yao waliitafuta ng'ambo ya Ruvuma, Montepuez, ambako rubi ziligunduliwa mwaka 2009. Wengi walivuka. Mwezi Februari 2017 serikali ya Msumbiji iliwafukuza wachimbaji wa kigeni, wakiwemo Watanzania wengi, na mmoja wa waliorudi ni kijana wa jirani yangu. Alikuwa amevuka na mwenzake wa kumbi. Alirudi peke yake.

Nimemsikia akisimulia safari yake mara tatu, na kwa kuwa kazi yangu ni kulinganisha nakala, nimezilinganisha.

Mara ya kwanza ilikuwa wiki ile ile aliyorudi. Hadithi haikuwa na kichwa wala miguu. Tulivuka, tulichimba usiku, tuliugua homa, tuliuza jiwe moja kwa bei ya kutupa kwa sababu tulikuwa na njaa, tulijificha, tulikamatwa. Palikuwa na malori. Watu walipakiwa huku na huku gizani, na mwenzake alipanda lori jingine au hakupanda, hakuona. Alirudia hapo mara nyingi: hakuona. Watu barazani walipiga miayo. Mmoja aliuliza swali ambalo kanuni nzima imejengwa juu yake: "Sasa wewe ulirudi na nini?" Kijana akanyamaza.

Mara ya pili, miezi kadhaa baadaye, alikuwa amejifunza. Askari wengi walikuwa wamekuwa askari mmoja, mrefu, mwenye kovu, aliyemwandama tangu siku ya kwanza. Jiwe dogo lilikuwa limekua. Wasikilizaji walikuwa wengi zaidi. Mwenzake alikuwa amepungua, akitajwa kama "jamaa mmoja niliyekuwa naye".

Mara ya tatu palikuwa mbele ya banda la video, watu wakisubiri filamu ianze. Sasa hapakuwa na malori. Alitoroka usiku, akaiogelea Ruvuma kati ya mamba na viboko, jiwe likiwa mdomoni, na jiwe likamponyoka katikati ya mkondo. Alisimulia vizuri, kwa mapigo ya msimulizi wa kanda, akimtania hata yule mwenye kovu. Ilikuwa kazi nzuri ya sanaa, sisemi vingine. Nilichokiona, nikaona haya kwa kuwa hakuna mwingine aliyekiona, kilikuwa kiambishi. Ile tu- ya mara ya kwanza ilikuwa imekwisha kabisa. Nilivuka, nilichimba, nilikamatwa, nilitoroka. Lugha yetu ina uungwana wa kumtaja mtenda mwanzoni kabisa mwa kitenzi, kabla ya wakati na kabla ya tendo, hivyo mtu hawezi kusema alichofanya pasipo kutangaza kwanza alikuwa na nani. Kijana alibadili herufi chache, na mtu mzima akatoweka.

Wakati huo ng'ambo kulikuwa kumeharibika. Mocímboa da Praia ilishambuliwa Oktoba 2017, na miaka iliyofuata vita vilienea Cabo Delgado yote. Oktoba 2020 vilivuka mto hadi Kitaya, na Machi 2021 Palma ikavamiwa. Hakuna aliyeweza kwenda kuuliza habari za mtu mmoja.

Mama wa mwenzake alikuwapo jioni ile ya tatu. Huuza vitumbua mbele ya banda, kwa koroboi. Hakuwahi kumkatiza kijana kabla ya siku hiyo. Aliposikia habari ya mamba, watoto wakipiga makofi, aliweka chini kijiko chake akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei:

"Mwanangu, hapo ulipokuwa ukiogelea, mwenzako alikuwa wapi?"

Watoto walimgeukia wakamzomea kidogo, kwa kuwa alikuwa ameharibu pahali patamu. Kijana alisimama na mikono yake ikiwa bado hewani, katika umbo la mtu anayeogelea. Kisha aliishusha. Msimulizi wa kanda alikwisha kuanza ndani, na mabenchi yakaanza kujaa. Kijana hakuingia. Alichuchumaa kando ya karai.

"Tulivuka saa tisa usiku, mama," alisema. "Yeye alikuwa mbele."

Mwanamke alivuta mkeka wake, akampisha akae.